Zege Halilali, Lakini Likishamwagwa Lilazwe

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi na walimu wao, siku chache kabla vijana hawajatawanyika kwenda saiti. Wengi hawakuweza kufika, wakaniomba niiandike yote. Michoro niliyoionyesha ukutani nimeiacha.

Ndugu Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, mafundi wetu wa maabara, na ninyi wanangu mnaotuacha mwezi huu. Wakubwa wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi?

Kila aliyeingia mlangoni amepewa kipande cha waya. Ni ule waya wa kufungia nondo, mnaujua. Msiukunje bado. Ushikeni tu mkononi, nitauhitaji baadaye.

Naanza na msemo ambao humu ndani hakuna asiyeujua. Zege halilali. Siku hizi unausikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, kwenye mpira. Kijana akichelewa kupeleka posa, wajomba wanamwambia zege halilali. Lakini jamani, msemo huu ni wetu. Umezaliwa saiti, kwenye makarai na machepe, na maana yake ya kwanza ni ya kiufundi kabisa. Simenti ikishakutana na maji, haikusubiri. Huwezi kuchanganya leo ukamwaga kesho. Ukiikatisha slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, katikati ukaenda kulala, asubuhi utamwaga zege bichi juu ya zege lililokwisha kushika, na pale yalipokutania patabaki mshono dhaifu ambao maji yataupenya kila masika. Ndiyo maana tunakesha. Mimi nimekesha, na ninyi mtakesha.

Sasa nawauliza. Zege likishamwagwa, likapigwa vaibreta, likasawazishwa, halafu linafanywa nini?

Naam, nimemsikia mtu huko nyuma: linamwagiliwa. Linamwagiliwa, linafunikwa magunia, linaachwa. Siku saba za mwanzo halinyimwi maji. Kufika siku ya saba, zege la kawaida limepata kama theluthi mbili ya nguvu yake. Siku ya 28 ndipo tunapasua vile vibonge vya sentimita 15 kule maabara na kusema, hili ndilo zege tulilolikusudia. Siku zote hizo ukilitazama kwa juu unaona limelala tu, na ndani yake simenti na maji vinaendelea kushikana. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya msemo wetu, na tumeisahau. Zege halilali mpaka limwagwe. Likishamwagwa, hulazwa.

Niwaambie nilivyojifunza.

Nilikuwa na miaka 27, mwaka wangu wa pili tangu nimalize chuo. Mkandarasi wangu, ambaye sitamtaja, alikuwa na jengo la ghorofa tatu na tarehe ya makabidhiano iliyokwisha kupita. Slabu ya ghorofa ya kwanza tuliimwaga kwa saa 19 mfululizo. Hiyo siijutii, kazi ndivyo ilivyotaka. Ninachojuta ni siku zilizofuata. Kesho yake sikulala. Keshokutwa nililala muda wa saa tatu hivi kwenye kontena la saiti, kichwa juu ya mfuko wa simenti. Nikaenda hivyo zaidi ya wiki, na wanangu, nilikuwa najivuna. Nilikuwa nawapigia simu wenzangu niliosoma nao ili tu wasikie kwamba injinia huyu halali.

Usiku mmoja, yapata saa tano, msimamizi akaniletea fomu ya kuruhusu mirunda itolewe chini ya slabu ile. Mbao zilihitajika juu. Nikafungua daftari la saiti, nikatafuta tarehe ya kumwaga, nikahesabu kwa vidole. Siku 23. Nikajumlisha na hali ya slabu yenyewe nilivyoijua, nikaona inatosha, nikasaini.

Nilikuwa nimesoma mstari wa nguzo. Mstari wa slabu ulikuwa chini yake, umbali wa kidole kimoja kwenye karatasi ileile, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Slabu ilikuwa na siku 11.

Asubuhi mirunda ikatolewa. Slabu haikuanguka, na nitamshukuru Mungu kwa hilo mpaka naingia kaburini. Ilizama. Tulipovuta kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, katikati, baina ya kamba na zege, palipita vidole vyangu viwili vilivyobebana. Kwa chini nyufa zilikuwa zimejichora kama mistari ya kiganja.

Alikuwepo fundi mkuu wetu, mzee aliyeanza kubeba karai kabla mimi sijazaliwa. Hakunigombeza. Aligeuza ndoo, akaikalia, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Binti, umemsimamisha dede kabla ya siku zake." Hakuongeza neno. Kwa siku tisa vibarua waliivunja sehemu ile kwa nyundo na patasi, na kila siku nilikuwepo, nasikia kila pigo.

Je, nilikuwa sijui siku za zege? Nilizijua. Somo hilo nilipata A. Je, sikuwa na vitabu? Vilikuwa kwenye kontena, karibu na kichwa changu. Hakuna mhadhara ambao ungeniokoa usiku ule. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe, kwa jaribio lilelile la mkono na jicho. Baada ya saa 17 bila kulala, mtu alifanya vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24, sawa na asilimia 0.10. Dereva wa basi akiwa katika hali hiyo, abiria wangepiga kelele ashushwe. Mimi nilipewa kalamu.

Sasa ule waya. Ukunjeni. Ukunjueni. Tena. Tena. Tena. Msiache.

Mnasikia? Inaanza kukatika, huko mbele, na huku. Ukitazama pale ulipokatikia, utaona hukuvuta kwa nguvu. Ulikunja kidogo tu, lakini mara nyingi bila kuacha. Huu ndio uchovu wa metali, nanyi mmeufanyia mtihani. Mwaka 1842 karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya injini ya treni ilikatika, treni ikawaka moto, makumi ya watu wakafa. Ekseli zilikuwa zinakatika zikiwa zimebeba mzigo uleule wa kila siku, na wahandisi hawakuelewa kwa nini. Mjerumani August Wöhler akatumia miaka mingi kuzungusha ekseli kwenye mashine zake, mizunguko mamilioni, mpaka akaonyesha kwamba mzigo unaorudiwa hukivunja chuma hata kama mzigo huo ukija mara moja hakiushtukii.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwaambia darasani, nimelihifadhi kwa ajili ya leo. Wale ambao waya wenu haujakatika, uwekeni mfukoni. Uacheni wiki nzima, mwezi mzima, usifanye kazi yoyote. Mkirudi kuukunja, utaendelea palepale ulipoishia. Ufa ulioanza hauzibi. Chuma hakiponi kwa kupumzika.

Mwanadamu anapona! Jamani, mwanadamu analala Ijumaa amechoka, anaamka Jumamosi ni mzima. Na sisi tunawasifu vijana wetu kwa kuwaita chuma. "Yule kijana ni chuma." Mkifika saiti mtaitwa hivyo, na mtafurahi. Naomba msifurahi. Mmepewa kitu ambacho chuma hakijapewa.

Niwapeleke mbali kidogo. Tarehe 12 Desemba 1988, Jumatatu, saa mbili na dakika 10 asubuhi, karibu na stesheni ya Clapham Junction kusini mwa London, treni iliyojaa watu waendao kazini iliigonga kwa nyuma treni nyingine iliyosimama. Watu 35 walikufa, karibu 500 waliumia. Dereva hakukosea. Taa ya ishara ilimwambia apite.

Taa ilidanganyaje? Wiki mbili kabla, siku ya Jumapili, fundi mmoja alikuwa anabadilisha nyaya za ishara hiyo katika chumba cha rilei, yaani swichi za umeme zinazoongoza taa. Waya wa zamani ulitakiwa kufunguliwa pande zote mbili, ukatwe na ncha zifungwe. Aliufungua upande mmoja. Upande wa pili akauacha umeungwa, na ile ncha tupu akaisukuma tu kando. Hakuna aliyekuja nyuma yake kuhesabu nyaya, ingawa kuhesabu ndiko kulikotakiwa. Tarehe 11 Desemba kazi nyingine katika chumba kilekile ikautikisa waya ule. Ukarudi mahali ulipozoea kukaa. Ncha ikagusa, umeme ukapita, na taa iliyotakiwa kuwa nyekundu haikuwa nyekundu.

Fundi huyu alikuwa mlevi? Hapana. Alikuwa mgeni wa kazi? Hapana, alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Tume ya uchunguzi ilipopekua, ilikuta kwamba katika wiki 13 zilizotangulia alikuwa amepumzika siku moja. Siku moja katika wiki 13! Tena ikakuta kwamba baadhi ya mazoea yake mabaya alikuwa nayo kwa miaka, na hakuna mkubwa aliyewahi kusimama nyuma yake akamwonyesha. Hapo mimi kama mwalimu nashindwa kumnyooshea kidole. Baada ya ripoti ile, reli za Uingereza ziliwekewa ukomo: zamu isizidi saa 12, wiki isizidi saa 72. Watu 35, ndipo wakakumbuka kwamba fundi naye ana kikomo kama chuma.

Kwetu Tanzania ukomo uko kwenye sheria, si lazima tusubiri maafa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko kati ya siku moja na nyingine yasipungue saa 12 mfululizo, na kila wiki uwe na walau saa 24 za kupumzika. Likizo ya mwaka? Isipungue siku 28 mfululizo. Ishirini na nane, wanangu, hesabu ileile ya zege. Mtakapokuwa wasimamizi, msiwanyime watu wenu siku ambazo hamwezi kulinyima zege.

Najua kuna mzazi hapa anasema moyoni, huyu mama anawafundisha watoto uvivu. Mzazi mwenzangu, mimi nimezaliwa kwenye shamba la pamba. Tulikuwa tunaamka kabla jogoo hajawika. Jua likifika utosini, mama alikuwa anaegemeza jembe kwenye shina la mwembe, tunakaa, tunakula viazi, mama anafumba macho. Jua likipoa, tunarudi shambani mpaka giza. Hakuna jirani aliyepita akamwita mama yangu mvivu. Mchumia juani hulia kivulini, hivyo ndivyo wazee walivyosema, na kivuli chake walimwekea humohumo ndani ya methali.

Sasa nije kwetu chuoni, na hapa nasema na walimu wenzangu zaidi kuliko vijana.

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha ripoti za maabara za darasa moja. Jaribio lilikuwa la slampu. Unajaza koni zege, unainua koni, unapima zege limeshuka kiasi gani. Ripoti ya kwanza: slampu sentimita 75. Nikaweka duara jekundu. Ya pili: sentimita 75. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Ripoti 41, zote sentimita 75. Koni yenyewe ina urefu wa sentimita 30. Zege limeshukaje sentimita 75 kutoka kwenye koni ya sentimita 30? Mmoja alikosea kati ya milimita na sentimita, na 40 wakadesa.

Nilikasirika. Niliingia darasani nikawasema kwa nusu saa nzima. Nilipomaliza, binti mmoja, tena miongoni mwa wale wanaofanya vizuri, akanyoosha mkono. "Madam, wiki ile tulikuwa na asaimenti tano, test mbili na mchoro wa kukabidhi Ijumaa. Nilinakili saa tisa usiku. Nilikuwa naandika, sikuwa nasoma."

Naandika, sisomi. Mnaona? Ni mimi yule, kwenye kontena, na daftari mbele yangu. Nilikuwa nimesafiri miaka yote ile kuja kuwatengenezea watoto wa watu usiku uleule ulionivunja mimi.

Siku hiyo nilichukua kalenda nikapita ofisi moja baada ya nyingine. Nikamwuliza kila mwalimu, wiki ile uliwapa nini, kikabidhiwe lini. Kila mmoja alikuwa ametoa kazi ndogo tu, ya haki kabisa. Nilipoziandika zote kwenye kalenda moja, kati ya Jumatano na Ijumaa kulikuwa na vitu nane. Viwili vilikuwa vyangu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuziona zote kwa pamoja. Walioziona ni wanafunzi peke yao, nao wakaamini kwamba hivyo ndivyo mhandisi anavyopikwa. Ndipo unamsikia kijana anasema "nina siku mbili sijalala" kwa sauti ya mtu anayetangaza ushindi. Wanapotoka hapa wanaipeleka sauti hiyo saiti. Wanawakeshesha na vibarua.

Nilipunguza ripoti zangu kutoka kumi kwa muhula hadi nne. Baadhi yenu mlinilaumu, nakumbuka, mlisema nashusha viwango. Lakini hizo nne wanazifanya kwa mikono yao, kila kikundi na chepe lake, slampu mara tatu kwa mchanganyo mmoja, na ripoti inaandikwa palepale maabara kabla ya saa kumi jioni. Hakuna cha kwenda nacho hosteli.

Muhula wa kwanza wa utaratibu huo, kikundi kimoja kilipata milimita 60 siku ya Jumanne. Jumatano, vipimo vilevile, simenti ileile, maji yaleyale, wakapata 110. Zamani wangeandika 60 zote mbili wakalale. Safari hii kijana mmoja alisimama, akatazama rundo la mchanga nje, akaenda akachota konzi moja akaifinya. Alipofungua mkono, mchanga ukabaki donge, na alama za vidole juu yake. Akarudi ameshika lile donge. "Madam, usiku mvua ilinyesha. Maji mengine yamo humu."

Ndugu zangu, nimefundisha kwa miaka mingi, na hilo donge ni mojawapo ya majibu bora niliyowahi kupewa. Maji yaliyofichwa ndani ya mchanga yameua nguvu ya majengo mangapi katika nchi hii ya masika na vuli? Kijana yule hakuwa na akili kuliko wale 41. Alikuwa amelala, na alikuwa na dakika kumi za kutazama nje.

Dakika hizo msizidharau. James Watt alikuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Alipewa modeli ya injini ya mvuke ya Newcomen, Mwingereza aliyemtangulia, aitengeneze, akaona inakula mvuke bila kiasi, maana kila pigo silinda ilipozwa kisha ikapashwa upya. Alihangaika nayo, akapima, akakokotoa, hakupata jibu. Mwaka 1765, Jumapili moja, siku ambayo Uskoti ya wakati ule haikuruhusu mtu kushika nyundo, alitoka kutembea kwenye uwanja wa Glasgow Green. Humo njiani likamjia: mvuke upelekwe ukapozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto daima. Angalieni vizuri, sisemi kwamba kutembea kulimpa jibu bure. Alikuwa ameifanyia kazi tangu mwaka wa nyuma. Mchanganyo ulikuwa umeshamwagwa. Jumapili ile ulishika.

Walimu wenzangu, nimetundika ubao mweupe nje ya ofisi yangu, umegawanywa wiki zote za muhula ujao. Kalamu zipo, nyekundu ya test, bluu ya asaimenti, kijani ya michoro. Jumatatu baada ya chai ya saa nne naomba kila mmoja aje na tarehe zake tuziandike pamoja. Wiki itakayojaa tutaipunguza palepale. Zangu nitaanza kufuta mimi.

Na ninyi wanangu, chakula kiko tayari bwaloni, na kazi ya kukabidhi Jumatatu hakuna, nimeshahakikisha. Vile vipande vya waya vilivyokatika msiviache sakafuni. Kuna ndoo ya vyuma chakavu pale mlangoni.